Kurasa Thelathini za Mwanzo

Miaka ishirini na sita nilikaa chini ya jaji
katika mahakama ya wilaya, Omaha,
vidole vyangu vikinakili yasemwayo na watu.
Sikuulizwa hata siku moja naonaje.
Sasa nimestaafu, theluji imeziba ngazi,
na Bi. Prochazka wa maktaba kanisukumia kitabu:
"Idella, hiki kila mtu alikisoma shuleni ila wewe."

Haya. Nimesoma kurasa thelathini,
na wa kwanza kuniudhi ni msimuliaji mwenyewe.

Karani wa ghala la ngano, kijana, kola safi,
anaanza: "Kusema kweli, mimi si mtu wa maneno."
Kisha anayamwaga, kurasa kumi na moja,
bila hata kupiga chafya.
Shahidi akianza na "kusema kweli"
nilikuwa nakaza mgongo kitini:
ukweli haupigi hodi, huingia na matope yake.
Anaapa aliyaona yote, usiku ule wa karamu.
Lakini ukurasa wa tisa yuko zizini ameshika farasi,
na ukurasa wa kumi anatueleza ladha ya mvinyo.
Nani kamwonjesha?

Mwenye nyumba, Bwana Tredwell Haskett,
anaingia akicheka kabla ya kichekesho.
Kijana anamvisha kilemba cha ukoka:
mabega kama milango, sauti ya treni.
Mimi naona mtu anayepapasa mfuko wa saa
kila mkewe afunguapo mdomo.
Damu yangu haijapatana naye.
Labda nitaaibika ukurasa wa mia mbili.
Nimewahi kuaibika: mwaka wa kesi ya ng'ombe
niliyemdhania mwizi ndiye aliyeibiwa,
na hadi leo wale wawili hubadilishana kofia
ndotoni mwangu.

Mke, Cordelia, ameletwa kwa glavu.
Glavu tu! Za kijivu, zimelowa, kidole kimoja kimetoboka,
na kwa glavu hizo kijana wetu tayari ana homa.
Hajatuambia kama mwanamke ana macho.
Nampenda. Simwamini. Yote kwa mpigo mmoja,
kama chai uliyoitamani ikakuunguza ulimi.

Halafu yupo daktari wa farasi, Orrin, mkimya,
hulamba kidole kabla ya kugeuza karata.
Wazee wa Alhamisi pale maktaba
watasema huyu ndiye mwema.
Nimemwekea alama ya kuuliza kwa penseli,
ndogo, nisije nikalipishwa faini.

Ila kilichoninyima usingizi si hao.
Ukurasa wa kumi na nne: "Taa ikaletwa," asema kijana,
kana kwamba taa ilijiletea yenyewe.
Mstari unaofuata, mkono mwekundu kwa baridi
unaiachia meza, unarudi gizani.
Basi. Hana jina, hana uso, hana hata kikohozi.

Nakijua chumba kile. Najua kukaa ndani yake.
Mawakili waligombana juu ya kichwa changu
kama watu wanaogombana juu ya stuli,
na siku Bi. Amundsen alipolia kizimbani
jaji aliniinamia: "Hilo usiandike."
Niliinua vidole. Mashine ikanyamaza.
Kwenye faili, hadi leo, hakulia.

Kwa hiyo nimerudi nyuma, ukurasa wa kumi na nne,
nimeukunja pembe (Bi. Prochazka asione),
nauangalia ule mkono.
Uliona nini ulipokuwa ukipunguza utambi?
Na zile glavu, zililowa maji gani?
Maana nje hapakunyesha.
Kijana mwenyewe kaapa, ukurasa wa pili:
usiku mkavu, nyota tele.