Deni la Tende

Droo ya tatu ya baba ilikuwa na pasi nne.
Ya kwanza ina taji la watu wengine.
Ya pili ina muhuri wa dola
iliyoishi mwezi mmoja na siku mbili.
Ya tatu ina picha yake na jina la marehemu,
ndiyo iliyomvusha hadi Mombasa.
Ya nne nyekundu, panga mbili na jambia,
hiyo aliifunga kwa leso kama mtoto mchanga.

Huko Wete alikuwa diwani.
Mheshimiwa Msellem bin Ghusaib,
kanzu ya pasi, kalamu mbili mfukoni,
aliahidi daraja, akalijenga nusu,
kwa kuwa nusu ya pili iliangukia jimbo la mpinzani.
Mama husema ni daraja lile lililomfunga,
si siasa.
Masika ilichukua ng'ombe wa mtu,
na mwenye ng'ombe akaja kupewa cheo.
Miezi kumi na minne ya ugali wa Kiinua Miguu.

Alifika Buraimi mwaka wa sabini na tatu.
Watoto wa mtaa walikicheka Kiarabu chake,
kinanuka karafuu, walisema.
Lakini serikali ilitaka mtu wa kusoma ramani za Mwingereza,
na baba alikuwa amezisoma sana, kwa uchungu.
Wakampa Landrova, mnyororo wa kupimia,
ndoo ya rangi nyeupe,
wakamwambia: katafute tunapoishia.

Tunapoishia!
Mtu ambaye nchi ilimwishia mguuni akiwa amesimama.

Katika vilima vya Mahadha, kijiji sikitaji,
alimkuta Ubaid bin Huwaishil akimkamua mbuzi mkaidi.
Baba akauliza lile swali la kiserikali:
Zamani, Mwingereza alipopita hapa,
wazee wenu walimtaja nani kuwa sheikh wao?

Ubaid hakuinua kichwa.
"Baba yangu ndiye aliyejibu.
Sheikh wa upande ule alikuwa anamdai tende,
magunia matatu.
Wewe ungemtaja anayekudai?
Akamtaja yule mwingine. Hata uso wake hakuujua."

Baba aliandika yote, neno kwa neno.
Usiku, kwa taa ya gari, akafuta.
Akaandika: *Kwa utiifu wa tangu na tangu.*
Ndivyo ilivyopigwa chapa.
Ndivyo inavyosomeshwa.

Nilikuwa mtu mzima uzio ulipopanda nyuma ya jiko letu.
Shangazi Ghudhaima akabaki Al Ain,
hatua mia na arobaini, nimezihesabu.
Alikuwa akituletea visheti chini ya kawa, bado vya moto.
Sasa huzunguka hadi kituoni, foleni, kitambulisho,
visheti hufika vimepoa,
naye hufika amenuna kana kwamba mpaka niliuchora mimi.
Sikumwambia ulichorwa na nini.

Baba aliniambia wiki yake ya mwisho,
kwa Kiswahili, lugha aliyoiweka kwa mambo mazito
na kwa kumgombeza paka.
"Zile tende zilipwe."
Nikamwambia, baba, sheikh keshakufa, Ubaid keshakufa.
"Deni halifi. Lina wajukuu."

Basi nikanunua magunia matatu, khalasi safi,
nikayapakia kwenye pikapu, nikaenda kituoni.
Ofisa wa forodha, kijana, ndevu zimechongwa kwa rula,
akazunguka gari mara mbili.
"Biashara au zawadi?"
"Deni," nikasema.
"La nani?"
"La kijiji."
Akatazama fomu. Ina kisanduku cha biashara,
kisanduku cha zawadi,
kisanduku cha wanyama hai.
Nyuma yangu lori lilipiga honi, likapiga tena.

Akaandika: *zawadi.*
Akanigeuzia karatasi na kalamu.

Nikatia saini, mtoto wa babangu.