Siku ya Arobaini na Moja

Sheria ya hapa inatoa siku arobaini na mbili,
mbili zaidi ya zetu.
Leo ni ya arobaini na moja.
Nimetoka ndani, mwili bado unanukia liwa na karafuu,
na mtoto hana jina.

Karani ana kalamu ya wino maalumu,
wino ambao, asema, hukolea kadiri unavyozeeka.
Anasubiri. Nje, Hull imezama ukunguni,
mto una rangi ya chai iliyozidi maziwa,
na Makame ameomba ruhusa ya saa moja tu
kiwandani wanakounda nyumba za kukokotwa na magari.

Majina yapo, si kwamba hayapo.
Mama mkwe alipiga simu usiku wa kwanza, kutoka Pangani:
“Mwite Mtumwa. Au Siwatu.
Kifo kikija kuchagua, kimwone si kitu, kipite.”
Wanawe wawili wa mwanzo aliwapa majina mazuri,
Johari na Tunu. Wote wamelala nyuma ya mwarobaini.
Sikumcheka. Nilimwambia tu,
mama, jina hilo, katika mji huu wa bandari,
lina deni ambalo halijalipwa.
Akanyamaza. Salio liliisha, au alikata.

Mimi ni Chausiku; umeme nao ulikuwa umekatika.
Mdogo wangu Sikudhani, baba alikuwa keshauza kitanda cha mtoto.
Kwetu jina ni taarifa ya habari:
nani alikuwepo, saa ngapi, kipi kilikosekana.

Makame alitaka jina jepesi,
lisilovunjwa shingo kila asubuhi mwalimu akiita mahudhurio.
Akaandika nyuma ya risiti ya petroli: Lina, Mina, Sara.
Niliyasoma. Yalikuwa kama vikombe vya plastiki,
safi, hayavunjiki.

Wodini, kando ya visanduku vya kioo, tuliishi wiki tano.
Kitabu cha majina kisicho na jalada kilizunguka mkono kwa mkono.
Kushoto kwetu Bryony: mmea utambaao kwenye ua,
matunda mekundu, usile.
Kulia Tamsin.
Baba yake, mwenye nanga iliyochorwa shingoni,
alilipenda kwa mlio wake tu. Nikamsomea maana: pacha.
Akakaa chini.
Walikuwa wawili, alisema, mpaka Novemba.
Kwetu angekuwa Doto, nikamwambia,
na kila akiitwa, Kurwa angekuwa ametajwa.

Wangu alikuwa na kilo moja na nusu,
paketi ya sukari na nusu ya pili.
Kila alfajiri Denise, muuguzi, aliuliza: anaendeleaje?
Nami, macho yamejaa usingizi, nilisahau lugha ya watu,
nikajibu kwa ya nyumbani: si haba.
Siku ya tisa nikakuta kadi juu ya kisanduku,
wino wa zambarau, nyota pembeni:
SIHABA.
Alidhani namtaja mtoto.
Nilitaka kuibandua.
Siku ile alimeza kijiko kizima cha maziwa, hakukitapika.
Nikaiacha.

Karani anauliza tahajia. Naitaja herufi kwa herufi.
Makame ananitazama, anatazama saa, ananitazama tena.
Lina maana?
Nasema: ni la mtu aliyeulizwa hali,
hana kubwa la kujivunia, wala hataki kukufuru.
Si kidogo. Si kibaya.
Karani anacheka mpaka miwani inamteleza.
Babu yake, kuli wa gatini, alirudi kutoka vitani na mkono mmoja;
mkewe akamuuliza hali pale mlangoni,
naye akajibu maneno hayohayo, kwa Kiingereza cha hapa.
Na hapa, asema, hakuna sifa inayopita hiyo.

Wino unashuka, samawati hafifu.
Utakolea.

Jioni nampigia mama mkwe.
Namwambia jina. Namsikia akilitafuna,
kwanza upande huu, kisha ule.
“Si zuri mno,” anasema mwishowe.
“Kitapita.”