Mbili Hadi Nane

Bohari yetu ya Wete haina kibao.
Ina mlango wa bati, kufuli mbili,
majokofu matano yanayokoroma kwa zamu,
na mimi, Mize Shaame, mtunza baridi.
Wapita njia huuliza: unauza nini humo?
Subira, nawajibu. Na sina chenji.

Mara mbili kwa siku nafungua daftari,
saa moja na nusu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri.
Isishuke chini ya mbili, isipande juu ya nane.
Sikukuu Mosi: nne nukta tatu.
Siku niliyomwoza Riziki: sita nukta moja.
Nilikuja kwa baiskeli ya shemeji, hina mbichi kiganjani;
tone lake lipo hapo, kona ya ukurasa.

Wiki jana wakaja wataalamu,
magari matatu meupe, watu saba
wanaohesabu chanjo za dunia nzima
kama mpishi wa shughuli anavyohesabu sahani:
wangapi wamealikwa, wangapi watajialika,
na sufuria likipungua, nani ataachiwa ukoko.
Wakatandaza ramani kwenye meza ya kupimia watoto.
Mishale ilitoka viwandani, ikavuka mabara,
ikatua Dar, ikatua Unguja,
hapo ikaishiwa na wino.
Pemba ilikuwa chini ya kikombe cha chai.

Kijana wao mmoja, mpole, akaniuliza:
likizuka gonjwa jipya, lisilo hata jina,
chanjo itawafikia baada ya siku ngapi?

Mwanangu, swali hilo lina vyumba vingi.
Siku za kiwandani sizijui.
Siku za foleni mnazijua nyinyi, na nani yuko mbele.
Mimi najua boti ya Mkoani:
baharia gani huliweka sanduku kivulini,
na yupi hulisukuma karibu na injini.
Najua pakiti ya barafu ikitoka kwenye friza
haipangwi papo hapo. Ingoje itoe jasho,
itikise, usikie maji yakicheza ndani;
watu huogopa joto tu,
na baridi nayo huua,
kichupa kikabaki kizuri vilevile.
Najua mama wa Kojani akirudishwa mara mbili
mara ya tatu haji.

Mkuu wao, Daktari Sabiha, hakusema kitu.
Alikuwa akisoma daftari langu kwa kidole
kama mtoto wa chuoni na juzuu yake ya kwanza.
Kidole kikasimama kwenye ukurasa ninaouogopa.

Machi. Umeme umekatika, siku ya pili.
Dizeli imekwisha, ya Chake haijafika.
Nimebisha kwa Raya, muuza malai,
naye akamwaga malai za ukwaju barazani,
watoto wa Limbani wakala hadi meno yakafa ganzi,
friza lake likawa la serikali usiku mmoja.
Majokofu manne yakapona.
La tano, asubuhi: kumi na moja nukta nne.
Kile kijimraba kwenye kila kichupa kimeshaiva, cheusi.

Ningeweza kuandika saba. Nani angejua?
Mtoto gani angeuliza mbona chanjo yake ni maji?
Nimeandika kumi na moja nukta nne.
Chini yake: dozi mia tatu na arubaini, zimeteketezwa.
Chini yake, jina langu, mpaka la babu.

Nikangoja aseme.
Lafudhi ya Konde ikamponyoka, aliyoificha tangu asubuhi:
"Nimesoma madaftari ya nchi nyingi, dada.
Yanayonikosesha usingizi ni yale ya nne, nne, nne,
mwezi mzima, yamelingana kama meno ya bandia."
Akaupiga picha ukurasa. Hakusema wa nini.

Wameahidi sola. Waliahidi na mwaka juzi.
Waliponyanyua kikombe ili wakunje ramani,
duara la chai lilikuwa limeizunguka Pemba yote.

Saa tisa na nusu ilishapita.
Nikaandika: tano nukta mbili.
Nikaongeza pembeni: nimechelewa dakika kumi, wageni.