Kufumua

Alinichora nikiwa nimesimama,
daktari Marlise Zanotto, kwa kalamu ya wino wa zambarau,
kwa sababu, alisema, ukilala nyama hudanganya.
Nilicheka. Nami huwaambia hivyo hivyo maharusi:
simama wima, usivute tumbo,
gauni halishonwi kwa mwili wa kuazima.

Mililita mia mbili sabini na tano kila upande.
Nililipa kwa awamu ishirini na nne,
pindo kwa pindo, zipu kwa zipu,
Adelmo akiwa bado ananiita malkia.
Nisiseme uongo: niliyapenda.
Mwaka ule, kwenye sherehe ya zabibu, Caxias,
niliingia na gauni jekundu, kifua kikitangulia,
mimi nikifuata nyuma kama mpambe.

Kisha la kushoto likaanza kukaza,
kama pera linaloiva kinyumenyume:
laini, halafu gumu, halafu bichi.
Julai, ukungu ukishuka milimani,
baridi ilifika humo kwanza, ikakaa,
nikawa nalala na mabonge mawili ya barafu
yasiyoyeyuka wala kunizoea.
Kitanda usichokilalia, wanasema, hujui kunguni wake.
Miaka minane sikukilalia kifua changu.

(Adelmo alikwishahama, na si kwa sababu ya titi.
Alihama kwa sababu ya mwenye duka la matairi.)

Kutoa peke yake, alisema Marlise,
kutaacha ngozi tupu, foronya bila mto.
Tutapunguza, tutapandisha, tutashona upya.
Nikamwuliza: na bitana?
Bitana nayo inatoka, gamba lote lililojifunga.
Nikamwuliza: kwa uzi gani?
Akanyamaza kidogo, akatambua anaongea na fundi,
akafungua droo, akanionyesha.

Niliamka nimefungwa kama kifurushi cha posta,
mirija miwili, vichupa viwili,
na Jandira, binti yangu, azimiaye akijikata kidole,
akipima majimaji yangu asubuhi na jioni
na kuyaandika kwenye kalenda ya bucha:
arobaini, thelathini na tano, ishirini.
Hakuzimia. Alipiga miayo.

Sikuruhusiwa kuinua pasi.
Sikuruhusiwa kufikia rafu ya juu, penye vifungo vya lulu.
Gauni la binti wa Perotti lilining'inia wiki tatu bila mikono,
nikilitazama, likinitazama,
sote wawili tumeshikizwa kwa pini.

Bendeji zikatoka.
Mshono unaizunguka chuchu, unashuka wima,
unalala kwenye pindo la chini: herufi T iliyopinduliwa.
Kulia, kazi safi. Kushoto, karibu na kwapa,
ngozi imejikusanya kidogo.
Ningekuwa mimi, nilisema, pale ningefumua nirudie.
Subiri miezi sita, akasema. Ngozi si pamba,
hujinyoosha yenyewe.
Hilo, kwa miaka thelathini ya cherehani, sikulijua.

Ni madogo. Yako juu kuliko nilivyoyakumbuka.
La kushoto halisikii kitu, la kulia husikia hata feni.
Si ya yule msichana; ya yule nilishayasahau,
nilikuwa na haraka mno ya kuyabadilisha.

Ile mifuko ya silikoni niliiomba.
Muuguzi alinikodolea macho, akaiosha, akanipa.
Iko mezani pa kukatia, juu ya karatasi ya ruwaza,
mizito, mitiifu. Hariri haisogei hata nukta.
Wateja wakiuliza ni nini, nawajibu: mawe.

Usiku wa sitini na moja niligeuka bila kukumbuka.
Asubuhi shuka lilikuwa limenipiga chapa ya mikunjo yake
kifuani, kote.
Nikachukua utepe nijipime.
Nikauzungusha, nikaushika mbele,
kisha, kabla ya kusoma,
nikaurudisha shingoni, nikawasha taa ya cherehani.
Binti wa Perotti anafunga ndoa Jumamosi.