Ufunguo wa Kumi na Moja

Funguo kumi na moja alinikabidhi Sista Roselida,
Ijumaa, saa nane mchana, mvua ya Khwisero ikipiga mabati
hata maneno yake nikayasoma midomoni.
Huu wa friji ya oksitosini. Ukikatika umeme
usiifungue, hata kwa kuchungulia.
Huu wa stoo. Huu wa kabati la glavu,
nao una tabia: unyanyue kwanza ndipo uzungushe.
Huu wa chumba cha jenereta. Dizeli ijue kwa macho,
usiijue kwa kuambiwa.
Alipofika wa kumi na moja, mfupi, ulioota kutu,
akanyamaza. Akaufumba mkono wangu juu yake
kama anayemfunika kichanga.
"Huo hauna mlango," akasema. "Usiutupe."

Miaka kumi na tisa nilikuwa mikono.
Sikuwa cheo, sikuwa kalamu.
Nilijua kichwa kinavyogeuka kikitafuta njia,
nilijua kilio cha kwanza kinavyochelewa,
na kile kimya cha katikati, kisicho na jina,
ambamo chumba kizima hupumua kwa niaba ya mmoja.

Sasa naitwa msimamizi, na watu husimama.
Wasichana niliowafundisha kufunga kitovu
wananipisha mlangoni, wananiita Madamu.
Juma la kwanza nilizalisha karatasi tu:
zamu za usiku, barua ya maji,
barua ya kukumbusha ile barua ya maji.
Jioni nikainusa mikono yangu. Wino.
Nikalia chooni, kidogo, kwa adabu,
kisha nikarudi kuhesabu mabomba ya sindano.

Nikampigia Roselida. Alikuwa shambani, akivuna njugu mawe.
"Wameninyang'anya kazi," nikamwambia, "wamenipa kiti."
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Kiti nacho huzalisha, Loice.
Ila uchungu wake ni mrefu,
na hakuna wa kukushika mgongo."

Ukaja mkutano wa bajeti, Kakamega mjini:
meza ndefu, chupa za maji, wanaume tisa, feni.
Tulipofika ukurasa wa magari, bwana mmoja mpole
akasoma: "Khwisero. Ambulensi, moja. Inafanya kazi."
"Inafanya kazi," nikasema, "ya kutagiwa."
Wakadhani wamesikia vibaya.
"Imekalia mawe nyuma ya jiko tangu mwaka wa mafuriko.
Kuku wa mlinzi hutaga kwenye kiti cha dereva.
Usiku wa Jumanne, Ayuma wa Mulwanda aliletwa kwa pikipiki,
kabanwa kati ya dereva na mama mkwe, damu ikitangulia."
Mkono wangu ukajua kabla yangu.
Ukautoa ule mfupi, wenye kutu,
ukauweka juu ya ukurasa.
"Ufunguo wake ndio huu. Nani anaendesha?"

Feni ikazunguka. Mtu akafungua chupa, akasahau kunywa.

Sitadanganya: gari hatukupewa.
Tulipewa dizeli ya miezi mitatu, na ahadi,
na mstari ule ukafutwa kwa kalamu nyekundu
nami nikaomba nitie sahihi kando ya mkwaruzo.
Ayuma alipona. Mtoto, hapana.
Hakuwahi kupewa jina; nimemwandika mimi
nyuma ya daftari la mikutano: Wa Jumanne.
Popote niendapo kuomba, nakwenda naye.

Usiku huu wauguzi ni wawili, wenye uchungu ni watano.
Madamu amevua koti la mjini.
Kitanda cha nne, msichana wa Mwihila, mimba ya kwanza,
ameng'ang'ania mfuko wa sare yangu, anauvuta
kana kwamba ndio ukingo wa dunia.
"Nini hiyo inalia?" ananiuliza, meno yamekazana.
Ni funguo, mama. Sukuma.
Ziko ngapi?
Kumi na moja. Sukuma tena.