Safu Tupu

Tangu Juni Glenys hajaona hata peni moja
ikiongezeka kwenye daftari la akiba.
Akavaa koti la mvua, akapanda basi
hadi benki, Llanelli, kuuliza nani amezila.

Kijana wa kaunta akamgeuzia kikokotoo:
elfu nne na mia mbili,
asilimia nne na nukta moja,
gawa kwa siku za mwaka.
Peni arobaini na saba, mama, kila kukicha.
Zinahesabiwa leo, zinalipwa Aprili, kwa mkupuo.
Mwakani riba nayo itazaa.

"Na mtoza kodi?"
"Akaunti hii haigusi."

Peni arobaini na saba!
Hata stempu hazinunui.

Kituoni, mvua ikimpiga ubavuni,
akamkumbuka Idwal: miaka thelathini na minane
chai mezani kabla yeye hajaamka,
viatu vyake vimekaushwa kando ya jiko,
na neno la mapenzi, hakuna.
Alimnunia mtu yule, Jumapili baada ya Jumapili,
akikodolea macho safu tupu.

Basi lilipofika
alikuwa bado anajumlisha.
Dereva akapiga honi mara mbili.