Mshika Sifuri

Kazi yangu ni kushika sifuri.
Mhandisi Adriko hushika mwisho wa utepe,
husoma namba, huandika, hufuta jasho.
Mimi nachuchumaa upande huu wa barabara,
kidole gumba juu ya alama isiyo na thamani.
Miaka kumi na moja.
Arua naijua kwa magoti.

Toka ukuta wa msikiti hadi duka la magodoro
tulipata mita kumi na nane na nusu.
"Magari mawili kwenda, mawili kurudi," akasema,
"maegesho, mtaro,
na kinachobaki ni cha waendao kwa miguu."

Kinachobaki.
Nikakitazama. Kilikuwa upana wa mkeka wa kuswalia,
na juu yake Bi Zamzamu alikwisha panga kawa zake,
nyekundu, zambarau, kijani cha limau,
kama sahani za karamu ambayo hatujaalikwa.

Sisemi amekosea. Hesabu zake hazikosei.
Ila sifuri, kwa kuwa iko chini,
huona mambo.

Huona wasichana wa shule wakipita mmoja mmoja kama siafu,
hadithi ikikatika kila wanapofika kwenye nguzo.
Huona mzee Onzima, asiyeona, akihesabu nguzo kwa fimbo;
walipohamisha moja bila kumwambia
alipotea mlangoni pa duka lake mwenyewe.
Huona Ezati na baiskeli yake ya magurudumu matatu,
anayoizungusha kwa mikono,
amesimama mbele ya sentimita ishirini na mbili za saruji.
"Kwako huu ni ukingo," aliniambia.
"Kwangu mimi, Uganda inaishia hapa."

Aisifuye mvua imemnyea, wanasema.
Aliyechora barabara hii, je, amewahi kuivuka?

Halafu kuna mvule.
Kwenye mchoro ni duara dogo lenye mkato.
Nikaupima kwa siri, wakati wa chakula:
saa nne kivuli kina mita tisa,
saa saba mita nne,
saa kumi kinavuka barabara
bila kutazama kulia wala kushoto.
Ndani yake nilihesabu waendesha boda watano,
fundi viatu, muuza samaki wakavu na nzi wake,
mtoto aliyelala katika boksi la sabuni,
na mbuzi mmoja. Mbuzi nikamwandika pia.
Naye alikuwa na joto.

Jumatano goti langu likagoma.
"Leo wewe shika sifuri," nikamwambia mhandisi,
na sijui nilipata wapi ulimi huo.
Akacheka, akachuchumaa, suruali yake ya pasi ikalia.
Lori la Ariwara likapita karibu na sikio lake.
Vumbi. Honi. Vumbi tena.
Bi Zamzamu, bila kuulizwa chochote,
akamfunika kichwa kwa kawa
kama mtu anayekinga wali dhidi ya inzi.

Alikaa chini muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji.
Miguu ilimpita: kandambili, viatu vya shule,
gurudumu la Ezati likirudi lilikotoka.

"Soma," akasema hatimaye.
Namba zilikuwa mkononi mwangu kwa mara ya kwanza.
"Mita sita," nikasema, "za miguu. Na mvule ubaki."
"Na magari je?"
"Yaulize. Yana honi, yatajibu."

Hakunijibu. Alifuta mstari kwa kifutio,
akapuliza makombo, akachora upya
huku kawa ingali kichwani.

Mchoro sasa uko halmashauri.
Unahitaji mihuri mitano, umepata mmoja,
na wenye maduka wamegawanyika: yule wa magodoro
anadai wateja wake hawawezi kubeba godoro kwa miguu,
nami nimewaona wakilibeba kichwani kila siku.

Mvule ungali na alama ya kukatwa, ya chokaa nyeupe.
Mvua mbili zimeshaupiga.
Leo mchana upande wa Vurra umeanza kuwa mweusi,
na mimi nimeketi hapa, goti limenyooka,
utepe umekunjwa,
sina haraka ya kwenda nyumbani.